Mguu Usiolipiwa

Wiki iliyopita nilikuwa sokoni Shinyanga nachagua michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, mara akapita mwanamke mmoja kavaa viatu vya visigino virefu, anatembea kama barabara ni ya baba yake. Sura nilikuwa nimeshaisahau. Lakini lile kovu juu ya kifundo cha mguu wa kushoto nililijua palepale, na wivu wa utotoni ukaniamka upya. Mwenzangu, mguu ule ulitengenezwa nyumbani kwetu, na haujalipiwa hadi leo.

Bibi yangu alikuwa akiunga mifupa, kule Tinde. Watu waliletwa kwake kwa baiskeli na kwa mikokoteni ya ng'ombe. Alipasha samli, akapapasa mfupa huku kafumba macho, kisha akaufunga kwa vijiti na kamba za magome ya miti. Nyumba nzima ilinukia samli. Malipo yalikuja mgonjwa akishatembea, ndiyo desturi. Na hapo ndipo penye shida, maana aliyepona ana miguu ya kuondokea.

Binti huyu aliletwa na baba yake, mchimbaji wa dhahabu kutoka Geita. Alikuwa rika langu, mfupa umetoboa ngozi juu ya kifundo. Yule baba hakuwa na kitu, ila magoti ya kupigia.

"Mayu, mama yangu, nitibie mwanangu," alisema. "Duara langu, lile shimo ninalochimba, likitema dhahabu tu, nakuletea mbuzi jike."

Bibi akanigeukia: "Huyo mbuzi atakuwa wako."

Basi! Mbuzi nikampa jina kabla hajafika, nikamchongea na kigingi nyuma ya nyumba. Sikuwahi kuwa na kitu changu mwenyewe kabla ya hapo.

Binti akakaa kwetu tangu palizi mpaka pamba ikachanua nyeupe shambani. Jamani, niliumia! Mimi nachota maji, natwanga uwele, nakimbizana na ndama. Yeye kalala kitandani kwa bibi, mahali pangu mimi. Utandu wa maziwa, wake. Karanga za kwanza kukaangwa, zake. Jioni bibi alimkanda mguu polepole huku akimwimbia Kisukuma, nyimbo zilezile nilizodhani ni zangu peke yangu, nami nimekaa jikoni nakodoa macho na moshi unaniingia.

Siku moja nikasema, "Hata mimi mguu unaniuma."

Bibi akaubonyeza, akacheka. "Mzima kama mchi. Nenda kafunge ndama."

Nilimchukia yule binti, sikufichi. Nilimvumilia kwa ajili ya mbuzi.

Akapona. Baba yake akaja, akashukuru, "Wabeja sana, mayu," akampakia kwenye baiskeli, akaahidi mbuzi atafuata wiki ijayo. Wapi! Nilipomsumbua bibi atume mtu Geita, alinikemea kwelikweli.

"Mfupa haudaiwi," alisema. "Ukiudai, unakumbuka ulipovunjikia."

Ndiyo ilikuwa imani yake, na wadaiwa wake wote waliijua vizuri sana. Kigingi changu kikaliwa na mchwa.

Basi pale sokoni nikamfuata yule mwanamke. Maneno nilikuwa nayo tayari: mbuzi wangu, watoto wake, wajukuu wake, wote nitawadai leo. Nikamshika bega. "Dada, unanikumbuka? Tinde, kwa bibi wa mifupa."

Akanitazama, kisha akaangusha kikapu akanikumbatia. "Bibi hajambo?"

Nikamwambia tulishamzika zamani. Akainama akalishika lile kovu.

"Mvua ikikaribia, mguu huu unaniuma kidogo," alisema. "Basi huwa naisikia mikono yake, pale pale aliponishika."

Neno la mbuzi likanirudi tumboni. Ile nyumba ya Tinde haipo, masika yaliiangusha. Vijiti vya bibi viliishia kuwa kuni, na samli inayonukia vile siipati soko lolote. Nyimbo zenyewe nazikumbuka nusunusu. Kazi ya mikono yake imebaki kwenye miguu ya watu, na wengi wao hawakulipa.

Mwanamke akaokota kikapu chake, akaniaga, akaenda zake bila kuchechemea hata kidogo. Nilisimama namtazama kwa kijicho kilekile cha jikoni, mpaka akapotea katikati ya bajaji. Mimi sikuwahi kuvunjika hata kidole.