Picha ya Mama Vestine kwenye Kona ya Mpakani

Ipo siku moja ya mvua ambayo naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na nikuambie ukweli, mara nyingi nimetamani niisahau. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilifanya kazi kwenye studio ya mjomba wangu Ramadhani, hapa hapa Gisenyi, kwenye barabara inayoshuka kwenda mpaka wa Goma, upande wa Kongo. Kazi yangu ilikuwa kuwakalisha watu kwenye kiti, kuwanyooshea kola na kuwapiga picha za pasipoti. Niliichoka. Nilitaka picha moja tu, kubwa, itakayofanya mji mzima uulize jina langu.

Wakati ule barabara yetu haikuwa na lami hii unayoikanyaga. Asubuhi ilijaa akina mama wa Kanzenze na Busasamana, mabeseni kichwani, wamebeba karoti na kabichi na nyanya, wanawahi soko la Goma. Nikifumba macho bado nasikia ndala zao kwenye matope na jinsi walivyoitana kwa kucheka. Kabla ya kufika kwenye kizuizi cha mpakani palikuwa na kona ambapo walitua mizigo na kufunga vitenge upya. Hapo ndipo ilipotokea.

Mama mmoja aliteleza, beseni likamwagika. Nyuma yake ilikuwa inashuka chukudu, ile baiskeli ya mbao ya watu wa Goma, imejaa magunia. Mwenye nayo alishindwa kuisimamisha, ikazipondaponda nyanya zote. Yule mama akabaki ameketi kwenye matope, kitenge kimepanda mapajani, analia kinywa wazi. Mimi nilikuwa na kamera ya mjomba shingoni. Sikumwinua, mwanangu. Nilipiga picha tatu, nikakimbia kwenda kuzisafisha.

Mjomba alikuwa amesafiri kwenda Kigali. Nikaikuza ile iliyotoka vizuri zaidi, nikaiweka dirishani, inaangalia barabara. Watu walisimama. Walinisifu, sikudanganyi, na fundi cherehani wa jirani akamleta mke wake aje aione. Wengine walicheka, na mimi nilicheka nao. Kwa siku nne nilijiona mtu.

Siku ya tano mjomba akarudi. Alisimama mbele ya dirisha na begi lake mkononi, hata salamu hakutoa.

"Huyu anaitwa nani?" akaniuliza.

Nikasema sijui.

"Ile siku alifika sokoni?"

Hilo nalo sikulijua. Akaingia ndani, akaitoa picha, akaniwekea mikononi. "Mpelekee mwenyewe," alisema. "Na mkanda wa filamu pia." Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

Kumpata haikuwa rahisi, maana hakuwa anapita tena kwetu. Wenzake waliniambia anaitwa Mama Vestine, na kwamba siku hizi anazunguka na beseni lake njia ya ziwani, mbali sana, kwa sababu wahuni wa pale konani, walioiona picha yangu, wakimwona wanajiangusha chini na kulia kama yeye. Kesho yake nilikwenda kumngojea huko ziwani. Alikuja peke yake, anatembea haraka, jasho linamtiririka.

"Ni we ulinipiga picha?"

"Ni mimi, mama. Naomba unisamehe."

Alitua beseni, akaishika ile picha, akaitazama. Nilidhani atanitukana. Akasema polepole, "Mi napita kwenu kila siku, miaka tisa. Nilianguka mara moja. Zile siku zingine zote, we ulikuwa wapi?"

Akaikunja picha na ule mkanda, akavisukuma chini ya karoti, akajitwisha, akaenda zake.

Nilimsimulia mjomba. Hakunifariji. Alinipa mkanda mpya wa picha thelathini na sita, akasema, "Kila asubuhi utasimama pale konani kabla ya kufungua studio. Picha moja kwa siku, basi. Na usimpige mtu hujamsalimia."

Siku za kwanza ziliniumiza. Wale akina mama walikuwa wakinikwepa, mmoja akafunika uso kwa kitenge. Nilisalimia tu, na siku nyingine nilirudi bila kupiga chochote. Kisha nikaanza kuona. Niliona mzee mmoja wa kijiji cha Nyundo anavyoipangusa baiskeli yake kama mtu anayemnawisha mtoto uso. Niliona dada wawili, mmoja kaolewa Goma na mmoja kabaki kwetu, wanavyopeana themosi ya chai. Nilipita barabara hiyo tangu utotoni, na sikuwa nimewahi kuwaona.

Nilikuwa kwenye mkanda wa pili Mama Vestine alipotokea tena konani. Sijui nani alimwambia. Labda alichoka tu kuzunguka.

"We bado iko hapa?"

"Bado niko, mama."

"Bon, haya. Leo piga. Ngoja kwanza nifunge kitambaa."

Akajitwisha beseni, akaachia mikono yote miwili, akanitazama usoni. Wale wahuni walikuwepo, na hakuna aliyethubutu kucheka. Nikapiga, picha ikatoka na ukungu kidogo pembeni. Mjomba aliiweka dirishani, ikakaa miaka mingi. Mama Vestine akarudia njia yetu, na kila alipopita aligeuza macho kidogo tu kujitazama. Kwamba amenisamehe, hakuniambia kamwe. Nami sikumuuliza.

Sasa wewe, mwanangu, naona wiki ya pili hii simu yako unayopigia picha imelala mfukoni. Unasema mtaani hakuna jipya, picha zako hakuna anayezitazama. Nakuelewa, nami nilikuwa na haraka hiyo. Lakini toka nje kila siku, hata kwa robo saa, hata ukirudi mikono mitupu. Salimia kwanza. Jua majina. Mtu akianguka, weka simu chini umwinue, na picha hiyo iache ipotee. Usimwoneshe mtu mbele ya wengine kwa namna ambayo wewe mwenyewe usingependa uoneshwe. Na usiwapende watu siku yao ya ajabu tu, wapende hata Jumanne yao ya kawaida, wakienda sokoni.

Mungu akupe macho yasiyochoka na miguu yenye subira, akulinde barabarani. Na popote utakapopita, watu wafurahi kwamba ni wewe unayekuja. Amina.