Plasta Nyuma ya Kompyuta

Wapo wastaafu wanaofuga kuku, na wapo wanaozunguka na bahasha za pensheni. Mama Taipu alistaafu na kazi moja ya kudumu: kumhujumu shemeji yake kila Jumamosi, kuanzia saa nane mchana hadi chai ya saa kumi. Kazi hiyo aliifanya kwa bidii ambayo mabosi wake wa zamani hawakuwahi kuiona.

Jina hilo alilipata ofisi ya ardhi, alikopiga taipu miaka thelathini na mmoja. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, na ulimi mwepesi zaidi. Ujanani, mashine yake iliharibika kila wiki, na kila wiki akaitwa fundi yule yule, kijana mrefu mwenye bisibisi mfukoni na haya usoni. Fundi alifungua, akachungulia, akakuta skrubu moja imelegea, akaikaza. Safari ya tisa akauliza, "Dada, hii skrubu inalegea yenyewe?"

"Inategemea nani atakuja kuikaza," akajibiwa. Mwaka huo huo walioana.

Miaka ikaenda. Ofisi ilipoleta kompyuta mpya, zile kuukuu wakagawiwa wafanyakazi, na mume akaikokota moja mpaka nyumbani kwa toroli, huku mke akitembea mbele na kuwaambia majirani kuwa wamepata mtoto. Ndani yake mlikuwa na mchezo mmoja tu, wa matofali yanayoshuka kutoka juu, na mchezaji ayapange vizuri kabla hayajamfika shingoni. Mchezo ulitunza orodha ya kumi bora. Mke, kila alipoingia kwenye orodha, aliandika MALKIA. Mume, mzee wa miaka sitini na saba mwenye meno ya kuhesabika, aliandika KIJANA na kucheka peke yake. Mpaka anafariki, MALKIA alikuwa ameshika nafasi tisa za juu, na KIJANA alikuwa wa kumi, kwa alama elfu kumi na nane mia mbili na arobaini.

Sasa, orodha ile ilikuwa na mistari kumi, basi. Yeyote ambaye angezipita alama za KIJANA na kuandika jina lake, angemsukuma nje, na mashine ingemsahau moja kwa moja. Miaka sita tangu mazishi Mama Taipu alicheza kila asubuhi, na kila alipokaribia elfu kumi na nane aliyaachia matofali yaanguke ovyo mpaka mchezo ufe. Hakumwambia mtu. Alimkumbuka mumewe mno, na neno lile moja ndilo utani wake pekee uliobaki hai katika nyumba ile.

Tatizo lilikuwa shemeji. Mdogo wa marehemu huyu alikuwa mpima viwanja mstaafu, mtu wa kamba na vigingi, aliyejiita Bingwa kabla hajashinda chochote. Alikuja kila Jumamosi kucheza matofali, na Mama Taipu alitaka sana aje, maana nyumba ilikuwa imepooza. Ila alitaka aje na ashindwe. Angemweleza ukweli, Bingwa angeacha kucheza kwa huruma, kisha angeanza kuja na sura ya msibani, na yeye huruma hakuitaka. Afadhali aonekane laghai.

Na ulaghai aliuweza. Kigoda cha mgeni alikikata mguu mmoja kidogo kwa msumeno, kikawa kinayumba. Bingwa akinogewa na mchezo, Mama Taipu hupiga chafya tatu mfululizo begani pake. Vitunguu vya wiki nzima vilimenywa Jumamosi, karibu na kibodi. Bingwa alilalamika, alifuta machozi, akashindwa, akarudi wiki iliyofuata. Alichojua ni kwamba rekodi ya shemeji yake ni elfu arobaini. Orodha yenyewe hakuwahi kuiona, kwa kuwa mchezo huionyesha kwa yule tu aliyestahili kuingia, na yeye siku hiyo hakuwahi kuifikia.

Ikafika. Jumamosi moja Bingwa alitokea na kigoda chake mwenyewe na pamba masikioni. Mama Taipu alipiga chafya mpaka pua ikawaka. Alimenya vitunguu sita. Shemeji mtu hatikisiki. Mama Taipu alikuwa jikoni akisaka pilipili aliposikia ukelele.

"Shemeji! Kwisha habari yako! Elfu arobaini na moja!"

Kisha ukasikika mlio, pwaa, na harufu ya kuungua ikaingia mpaka jikoni. Alipofika, kile kioo kikubwa cha kizamani, chenye kisogo cha kukaa nusu ya meza, kilikuwa kimekata roho. Kompyuta yenyewe ilikuwa bado inanguruma chini ya meza.

"Ilikuwa inaniuliza jina," Bingwa alisema, mikono juu. "Nikanyanyua kidole hivi, kioo kikafa."

"Pole, shemeji. Basi tuizime ipumzike."

"Thubutu! Mashine haihifadhi alama mpaka niandike jina. Ukizima, ushindi wangu umekwenda na maji. Na siandiki gizani, halafu kesho useme sikuandika. Nataka uone kwa macho yako mawili."

Akatoa kamba yake ya upimaji, akaifunga plagi ya kompyuta ukutani isichomolewe, kwa fundo la kazini kwake, akaketi kando yake akilinda. Kisha akampigia simu fundi wa televisheni. Mama Taipu alilitazama fundo lile, akajaribu kufikiri ni shoti ya aina gani inaweza kutokea kwa bahati mbaya.

Fundi alifika baada ya nusu saa, mama mmoja wa makamo, miwani kwenye paji la uso na skrini bapa kwapani. Alilala kifudifudi nyuma ya meza, akamulika kwa tochi.

"Hii kadi ya picha ni ya kale," alisema. "Tundu lake lina vishimo tisa. Waya wa flati yangu una pini kumi na tano. Hawa hawajuani kabisa."

"Nilijua tu," alisema Mama Taipu kwa sauti ya majonzi. "Chai, mama?"

Lakini fundi hakuwa mtu wa kukatishwa tamaa na pini sita. Alikata waya, akachuna, akaunganisha mmoja mmoja, akachomeka. Skrini bapa ikawaka, ikaandika kwamba picha hii haiwezi kuonyeshwa, ikazima. Akajaribu tena, nayo ikajibu vile vile.

"Inakataa nini?" aliuliza Bingwa.

"Mwendo, mzee. Kadi inachora mistari polepole, kama nusu ya mwendo ambao flati inautaka. Flati inangoja kidogo, inaona inachezewa, inalala. Kuna kikasha cha kuwapatanisha, ila mimi sina, na sijui pa kukipata mjini hapa."

"Basi ndiyo hivyo," alisema Mama Taipu, mkono tayari kwenye fundo. "Neno lako tunaliamini, shemeji. Arobaini na moja."

"Ngoja kwanza." Fundi alishusha miwani. "Mama, na hii plasta?"

Mama Taipu aliliachia fundo.

"Plasta gani?"

"Hii ya kidonda, imebandikwa nyuma ya kompyuta. Kwani iliumia?"

"Ilijikwaruza," alisema Mama Taipu. "Bado haijapona vizuri, usiibandue."

Fundi aliibandua. Chini yake kulikuwa na tundu dogo la duara. Mama Taipu alilifahamu fika, kwa sababu marehemu alilitumia kuunganisha mchezo na televisheni siku za mvua. Siku Bingwa alipolalamika kwamba macho yake hayaoni vizuri, na kuuliza kama mchezo hauwezi kuonekana kwenye kioo kikubwa zaidi, ndiyo siku plasta ilipobandikwa.

"Tumepona!" alisema fundi. "Kadi hizi zilitoa picha njia mbili kwa mpigo, na hii ni ya televisheni. Flati yako ya sebuleni itaipokea. Una waya wa njano, ule wa deki ya zamani?"

"Sina."

"Anao," alisema Bingwa. "Amefungia mlango wa kabati la vyombo."

Televisheni ikaletwa, waya ukachomekwa upande huu na upande ule. Picha ikaja. Herufi zilikuwa zimevimba na kuota kingo za kijani na zambarau, lakini zilisomeka. Bingwa alisimama, akavuta shati, pamba bado imo katika sikio moja.

"Soma, fundi. Soma kwa sauti, huyu asikie."

"Alama zako," alisoma fundi. "Elfu kumi na nane, mia sita na kumi."

Bingwa alikohoa. Akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. "Nilisoma haraka haraka," alisema. "Pia vitunguu vilikuwa vingi."

Siku nyingine yoyote Mama Taipu angecheka mpaka akae chini, na angemsimulia kila jirani. Hakucheka. Alisimama ameshika kona ya aproni yake, anatazama chini kabisa ya orodha. Bingwa aliona kuwa hachekwi, na jambo hilo lilimshangaza kuliko alama. Akafuata macho yake. MALKIA, MALKIA, MALKIA, mara tisa. Kisha KIJANA. Chini, maneno yakimtaka aandike jina, na kialama kikimetameta.

"Kijana," alisoma polepole. Utani ule aliujua, ulikuwa wa kaka yake. "Fundi, nikiandika jina langu, huyu wa mwisho anakwenda wapi?"

"Anatoka, mzee. Orodha ni ya watu kumi."

Bingwa alikitazama kile kigoda chenye mguu mfupi pale pembeni. Akatazama maganda ya vitunguu, na plasta iliyokuwa bado imenata kwenye kidole cha fundi. Alikuwa mpima, alipopewa alama tatu alijua kuchora mpaka.

"Kumbe miaka yote hii, shemeji..."

"Andika," alisema Mama Taipu. "Umeshinda kihalali. Andika tu jina lako."

Bingwa aliinama ukutani akaanza kufungua fundo lake. Lilikuwa fundo zuri, likamchukua muda. Kamba ilipolegea, akashika plagi akaichomoa.

Televisheni ikageuka buluu. Feni ya darini iliendelea kuzunguka. Jokofu liliendelea kunguruma jikoni, na taa ya barazani, ambayo Mama Taipu husahau kuizima mchana, iliwaka vile vile.

"Umeme umekatika," alisema Bingwa.

Fundi alitazama feni.

"Umekatika," alisema Mama Taipu, akijifuta macho kwa aproni. "Siku hizi unakatika sana."

"Ila arobaini na moja zilikuwa zangu. Fundi ni shahidi."

"Niliziona, mzee," alisema fundi, akikusanya bisibisi zake.

Jumamosi iliyofuata Bingwa alikuja bila pamba na bila kigoda. Waya wa njano ulikuwa mahali pake, na picha imejaa kioo kikubwa. Alivuta kile kigoda chenye mguu mfupi, akakikalia, kikayumba, akaanza. Siku hiyo alicheza vizuri kuliko siku zote. Mama Taipu alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha chai, amenogewa na kumtazama, wala hakuhesabu. Matofali yalishuka, yakapangika, yakashuka. Alama zilipofika elfu kumi na saba mia tisa, Bingwa aligeuza shingo.

"Shemeji," alisema, "mbona leo hupigi chafya?"