Kinyozi na Sikio la Shemeji

Mtaani kinyozi huyu walimwita Redio, maana kunyoa na kusema kwake vilikuwa pacha. Lakini tangu avuke miaka hamsini, redio ilizimika. Alinyoa kimya. Mashine ikipita kichwani mara mbili tatu, alikwenda mlangoni kuchungulia barabara, akarudi, akanyoa, akaenda tena.

"Unamsubiri nani?" wateja walimuuliza.

"Napunga hewa tu."

Barabara ile ilikuwa imemwonyesha mengi. Aliona vijana wakikatana mapanga mchana kweupe. Risasi zilipasua vioo vya duka la jirani. Kisha likaja la fundi baiskeli, mteja wake wa kila Ijumaa. Alisingiziwa wizi, umati ukampiga hadi akakata roho hatua kumi kutoka kwenye kizingiti cha kinyozi. Siku ile kinyozi alijifungia ndani, na alimsikia fundi akimwita. Kesho yake alimwaga maji mlangoni, akaendelea na kazi. Yaliyopita si ndwele, alijiambia. Miaka tisa ikapita, kumbe ndwele ilikuwa ikikomaa taratibu.

Jumamosi moja adhuhuri alikuwa akimchonga nywele shemeji yake, kaka wa mkewe, kwa wembe. Nje lori likabwaga mabati. Kinyozi alijikuta chini ya meza, jasho likimtiririka, wembe bado mkononi. Shemeji alikuwa ameshika sikio, damu ikimchuruzika shingoni.

"Shemeji, nilikuja kupunguza nywele, si masikio!"

Alipoona mwenzake hatoki, kicheko kikamkauka. Akapiga magoti. "Ni mabati tu, ndugu yangu. Toka."

"Najua ni mabati," kinyozi alisema. "Miguu ndiyo haijui."

Nyumbani mkewe hakupiga kelele. "Kitasa unakikagua mara tano. Mtoto akibamiza mlango unamfokea kama mwizi. Jumanne tunakwenda kituo cha afya."

"Mimi si mwendawazimu, Mama Watoto."

"Nani kasema mwendawazimu? Umechoka. Na kaka yangu amebakiwa na sikio moja zima."

Jumanne, kwenye benchi la kituo, kinyozi alimkuta muuza nyama wa ng'ambo ya barabara, jitu la miraba minne. Wote wawili walishtuka.

"Nimemleta mama," muuza nyama alisema harakaharaka.

Mama huyo alikuwa amezikwa zamani, na kinyozi mwenyewe alishika jeneza.

"Mimi nimekuja kupima macho," kinyozi akajibu.

Muuguzi akatoa kichwa mlangoni. "Muuza nyama, karibu. Leo mara ya tano, sivyo?"

Wakatazamana, wakaangua kicheko hadi benchi likalia. Kisha muuza nyama akashusha sauti. "Siku ile ya fundi nami nilijifungia. Alikuita?"

"Aliniita."

"Na mimi pia. Nilidhani ni mimi peke yangu."

Zamu yake ilipofika, kinyozi aliulizwa tu kama analala vizuri. Alianza na usingizi, akamalizia na fundi baiskeli, na saa nzima ikapita. Muuguzi hakumwambia asahau. Alimwambia mwili wake bado uko kwenye ile siku, na kuutoa huko ni kazi ya miezi.

Akawa anakwenda kila Jumanne. Hajapona kabisa. Mlangoni bado huenda, ila humaliza kwanza kichwa kimoja. Kishindo kikilia moyo humruka, ila mkono umejifunza kuuweka wembe chini kwanza.

Mwezi wa tatu wa matibabu, yeye na muuza nyama walikwenda kwa mjane wa fundi, ambaye hawakuwahi kumpa hata pole. Mwanamke aliwafungulia mlango.

"Mmechelewa," alisema, kisha akawavutia viti.

Wakaketi.

"Nasikia siku ile mlikuwa karibu," mjane alisema. "Mume wangu alisema nini?"

Muuza nyama akainama. Kinyozi akaanza kumwambia aliyoyasikia, neno kwa neno.