Mlango wa Solusheni

Mtaa mzima wa mafundi ulimjua kwa jina la Taratibu, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa na fundi wa kuchomelea wa banda la jirani, siku alipomwona akimaliza asubuhi nzima kutoa paneli moja ya mlango wa gari, kipande cha plastiki ambacho mwingine angekitia bisibisi na kuking'oa kabla chai haijapoa.

Miaka thelathini na moja Fundi Taratibu alishona viti vya magari na kuvalisha milango na dari zake. Chombo chake kikuu kilikuwa mwiko wa mti, alioupara ncha mpaka ukawa mwembamba kama ulimi, usiokwaruza plastiki. Mwiko huo aliuchukua jikoni kwa mkewe mwaka waliooana, na mkewe hajamsamehe mpaka leo. Kabla ya kugusa mlango wowote alisema, "Kwa jina lako, Mola," kisha akaliegesha gari juani. "Plastiki ya zamani imekauka," aliwaambia wateja wenye haraka. "Ukiivuta ikiwa baridi, inakukatikia mkononi. Acha ipate joto, ilegee yenyewe."

Mtu mmoja tu hakuwahi kumsikiliza: mdogo wake wa kuzaliwa, dereva wa lori la matofali. Huyo kitu kikilegea alikipaka gundi. Kiatu, gundi. Mguu wa kiti, gundi. Madereva wenzake walimwita Solusheni, jina la gundi ya kuzibia mipira, naye akaitika kwa furaha kama aliyepandishwa cheo.

Solusheni alifariki ghafla, Mungu amlaze mahali pema. Wiki ya saba baada ya mazishi, mjane wake alifika bandani na lori lile, akiwa ameketi kando ya dereva wa kuazima. Kioo cha mlango wa dereva hakikupanda. Mahali pake palikuwa pametandwa nailoni.

"Shemeji, za asubuhi?" Taratibu alimsalimu.

"Njema, shemeji. Mungu anatushika." Alishuka polepole. "Dereva mpya anaanza Jumatatu. Amesema mvua haitamnyeshea mapajani, kioo kitengenezwe. Paneli ikivunjika, eti nitafute nyingine ya mtumba."

"Tutaona."

"Mimi sitaki nyingine." Aliweka kidole chini ya dirisha, mahali ambapo plastiki ilisuguliwa ikang'aa na kubonyea kidogo, ukubwa wa kiganja. Miaka kumi na minne Solusheni aliegemeza kiwiko hapo. "Nakuomba hili tu. Itoke nzima."

"Shemeji, hakuna mlango nisioujua. Kaa kivulini."

Akalielekeza lori juani, akanywa chai, kisha akaanza. Alipitisha kitambaa nyuma ya mkono wa kuzungushia kioo, akakivuta huku na huku kama anayepiga kiatu rangi, mpaka waya mdogo unaoushika ukaruka. Akafungua skrubu mbili chini ya mahali pa kushikia mlango. Kisha akaingiza mwiko ukingoni, akisikiliza pini za plastiki zikiachia moja moja: tak, tak, tak, tak. Upande wa juu wote uliachia. Chini, kimya. Akasukuma kidogo. Paneli ikalia mlio mkavu, naye akautoa mwiko upesi kama aliyeungua.

"Nikuletee tindo?" fundi wa kuchomelea alipaza sauti kutoka kwake. "Dakika mbili tu!"

"Tindo yako katobolee sufuria!"

"Basi nitakuja na wajukuu zangu, waone ukimaliza!"

Taratibu aliloweka matambara katika maji ya moto, akayakandika kwenye plastiki. Joto lilipopenya, harufu ikapanda, kali, ile ya gundi ya kuzibia mipira ya baiskeli. Akasimama na tambara mkononi, maji yakimchuruzikia kwenye viatu.

Solusheni alikuwa amegundisha mlango.

Miaka miwili nyuma, Taratibu alimtolea paneli ya upande wa pili, akakuta gundi, akamfokea mbele ya mafundi wote. "Ukigundisha tena, usiniletee! Mpelekee mwenye tindo!" Mdogo wake alicheka, akaomba radhi, akaenda. Tangu siku ile hakuleta tena lori. Nailoni ilipotokea dirishani, Taratibu alimtania kwamba amefunga pazia kama bwana harusi. Kumbe mtu alinyeshewa misimu miwili ya mvua kwa kuogopa mdomo wa kaka yake.

Tangu mazishi alikuwa akimwombea kila alfajiri, na kila alfajiri maneno yalimkwama mahali fulani asipopajua. Sasa alipajua.

Akaenda bandani, akarudi na uzi mnene wa kushonea viti. Akaupitisha nyuma ya paneli kutoka juu, ukashuka hadi kwenye gundi. Njia ilikuwa kuukata utando wa gundi kwa uzi, kama msumeno, lakini mikono yake miwili haikufika kona zote mbili bila kuupinda mlango.

"Shemeji, njoo unishikie huku."

Mjane akaja, akajizungushia uzi kiganjani juu ya kitambaa. Akavuta yeye, akaachia huyu. Akavuta huyu, akaachia yeye. Gundi ikaanza kutoa makombo ya njano.

"Alinikimbia," Taratibu alisema bila kumtazama. "Nilimfokea, akaniogopa."

"Nani akuogope wewe?"

"Mdogo wangu. Angeniletea hili lori, lisingefika hapa."

Mjane aliacha kuvuta. "Shemeji, yule hakukuogopa hata siku moja. Aliona haya. Alitoa paneli mwenyewe ili atengeneze kioo, akashindwa, akairudisha. Akasema, 'Leo nafanya kama kaka.' Pini za chini zikamvunjikia. Mimi ndiye niliyeikandamiza kwa mgongo mpaka gundi ikashika. Saa nzima! Yeye ananipepea, ananichekesha, ananiapisha nisikwambie."

"Wewe?"

"Mimi."

"Na umekaa kivulini tangu asubuhi unanitazama ninavyohangaika?"

"Si ulisema hakuna mlango usioujua?"

Ikamtoka Taratibu sauti ambayo mwanzo ilikuwa kicheko, halafu haikuwa. Akajifuta uso kwa tambara la maji ya moto. Shemeji yake akatazama upande mwingine mpaka alipomaliza, kisha akauvuta uzi mara moja, kumkumbusha kazi.

Adhuhuri ilipokaribia, uzi ulitokeza upande wa pili. Paneli ikawalalia mikononi, nzima. Taratibu aliigeuza. Pini za juu zilikuwa mpya, zimepakwa mafuta kidogo shingoni, kila moja ikitazama upande wake, vilevile alivyomfundisha mdogo wake walipokuwa vijana.

"Alianza vizuri," alisema.

"Alianza vizuri," mjane aliitikia.

Ndani ya mlango, waya wa mashine ya kioo ulikuwa umekatika tu. Aliweka mwingine, kioo kikapanda, kikashuka, kikapanda. Kisha akarudisha paneli kwa pini mpya, akizigonga kwa ubavu wa ngumi. Tundu moja la kona ya chini lilikuwa limepasuka zamani, likakataa kushika. Alijaribu pini tatu. Akatazama kwa jirani, akamwona fundi wa kuchomelea ameinamia moto, kinga usoni.

"Shemeji," alinong'ona, "kuna gundi humo garini?"

Mjane alifungua kisanduku cha mbele ya kiti cha abiria. Kopo lilikuwepo, limefungwa kwa kipande cha mpira.

"Tone moja tu. Na asijue mtu."

"Niape tena?"

"Apa."

Akaapa. Taratibu akapaka tone lile, naye mjane akageuka, akaegemeza mgongo wake mlangoni, akatulia. Taratibu akasimama kando yake, akavua kofia yake, akaanza kumpepea.