Kiti cha Nyuma cha Gari la Baba

Mdogo wangu wa mwisho aliingia kwenye gari la baba Jumanne asubuhi, siku nne kabla ya ndoa yake. Alikuwa amevaa dera, na kanga juu yake. Akakaa kiti cha nyuma, akanyoosha shingo, akaweka mikono mapajani na kunitazama kwenye kioo kwa madaha.

"Dereva, twende. Na usinirushe kwenye matuta."

Nilikuwa nimekaa mbele. Nikacheka, nikajifanya nabadilisha gia. Lakini alipotaka kushuka, kanga haikushuka naye. Ilitoa sauti kama plasta inayobanduliwa kwenye kidonda, naye akasimama nje ameshika pindo moja, pindo la pili likiwa bado limeng'ang'ania kiti.

"Kaka," alisema, "nimenata."

Gauni lake jeupe lilikuwa limetundikwa ndani, limefunikwa shuka ili vumbi la hapa kwetu Misugusugu lisiliguse. Nadhani sote wawili tulilifikiria kwa wakati mmoja. Naye, kwa kuwa ana huruma kuliko mimi, akawahi kusema, "Si kitu. Tutaomba gari la mtu. La baba litakuja nyuma." Hakusema kwa kunilaumu. Ndiyo maana iliniuma.

Alikuwa na miaka mitano baba alipofariki, na mama akamfuata kabla mwaka haujaisha. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Sikurudi tena shule. Nilianza kufyatua matofali, na hadi leo ndiyo kazi yangu. Wadogo zangu walikuwa watatu. Vitu vya baba viligawanywa, vingine vikaliwa na mchwa, lakini gari lilibaki uani kwa sababu hakuna ndugu aliyelitaka. Ni gari la Kifaransa la zamani, rangi ya maziwa, lenye viti vyekundu vya ngozi bandia, ile ya plastiki inayounguza mapaja saa sita mchana.

Ua wetu ni wa mchanga. Ukimwogesha mtoto na kumpaka mafuta pale, akipiga hatua mbili miguu imeshakuwa kama visheti vilivyoviringishwa kwenye sukari. Kwa hiyo kila asubuhi niliwapanga wadogo zangu kwenye kiti cha nyuma cha gari, miguu ikining'inia nje ya mlango, nikawapaka mafuta ya nazi, nikawavisha soksi na viatu humo humo, kisha nikawashusha waende shule. Mafuta yaliyobaki viganjani niliyafuta kwenye kiti. Kwangu hayo yalikuwa matunzo. Dashibodi ilikuwa imeshapasuka kwa jua, na niliogopa viti vitafuata.

Walipokua na kuanza kujipaka wenyewe, mimi sikuacha. Nikahamia kwenye glisirini. Baadaye nikaijua ile dawa ya kupuliza ya kung'arisha dashibodi, inayonukia ndimu, ikawa haikosekani nyumbani. Kila Jumapili niliwasha injini kidogo, nikapuliza, nikafuta, nikarudi nyuma hatua mbili kutazama. Viti viling'aa. Sikuwahi kuviosha hata mara moja, maana nani anaosha kitu kinachong'aa? Na nyuma hakuna aliyekuwa anakaa tena.

Halafu kulikuwa na ile ahadi. Huyu wa mwisho alipokuwa darasa la kwanza alirudi siku moja analia kwamba wenzake wanaletwa shule na baba zao. Nikamwambia siku ya kuolewa kwake nitampeleka mimi, kwa gari la baba, naye atakaa nyuma kama mheshimiwa. Nilisema ili anyamaze. Alinyamaza, lakini hakusahau. Alipoposwa, hakuomba ukumbi wala matarumbeta. Aliomba gari. Fundi wa injini akaliweka sawa, vibali vikakamilika, tukakubaliana kwamba nitamtoa Misugusugu hadi Kisarawe kwa shangazi yetu, ambako ndoa ingefungwa. Nikajiona nimemaliza.

Jumanne hiyo hiyo nikamwita fundi viti wa barabarani. Ni Mnyamwezi, mtani wetu sisi Wazaramo, na hajawahi kunisalimia bila kunichokoza. Alibonyeza kiti kwa kidole, akakivuta kidole taratibu kama mtu anayerina asali.

"Nyie Wazaramo! Mmemaliza kupaka watu mafuta, mmehamia kwenye magari? Hili mmelichezea ngoma lini?"

"Acha, mtani. Inatoka?"

"Itoke iende wapi? Huu si uchafu. Ni plastiki yenyewe inayeyuka, imeshaoza. Hapa ni kuchana yote na kuvalisha mpya. Niachie gari mpaka Ijumaa."

"Kuchana?"

"Unataka bibi harusi aolewe, au anase kama panya kwenye gundi?"

Nilimwambia nitamjibu kesho. Usiniulize nililalaje. Kama plastiki imeyeyuka, basi aliyeiyeyusha ni mimi, kwa mikono yangu, Jumapili baada ya Jumapili, nikidhani natunza.

Jumatano nikajaribu petroli. Nililowesha kitambaa, nikasugua chini kabisa ya kiti, karibu na mlango. Kitambaa kikatoka chekundu. Kwa muda mfupi nilifurahi, nikidhani ni ule uchafu. Ilikuwa rangi ya kiti. Palipokauka pakabaki pamepauka na kukakamaa, ukubwa wa sambusa.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa amefika asubuhi hiyo kutoka Kisarawe kumweka mwali ndani na kumsugua singo, ule unga wa liwa na maua wa kumtakatisha bibi harusi. Harufu ya petroli ikamfikia dirishani.

"Wewe! Unamchoma nani huko nje?"

"Nasafisha kiti, shangazi."

"Kwa petroli? Basi njoo unisugue na mimi, nirudi usichana."

Akatoka, vidole bado vina singo. Akagusa kiti, akanusa.

"Nazi," alisema. "Imechacha. Na juu yake kuna ndimu ya uongo. Umekipaka tangu lini?"

"Tangu baba."

"Umewahi kukiosha?"

Nilikitazama kitambaa changu cha petroli. Alicheka mpaka akashika mlango wa gari asianguke. Kisha akafuta macho kwa nyuma ya mkono.

"Mwanangu, ningempaka mdogo wako singo juu ya mafuta ya wiki nzima, angeganda na shuka. Mwali huoshwa kwanza. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa laini, tena mahali padogo padogo. Ukishalainisha, unaondoa kwa kitambaa kingine kabla hapajakauka. Usipoondoa, uchafu unauhamisha tu."

"Fundi anasema plastiki imeoza."

"Fundi ameiosha?"

"Hapana."

"Sasa amejuaje?" Akageuka kurudi ndani. Alipofika mlangoni akasema bila kutazama nyuma, "Na hiyo petroli ipeleke mbali, mwali wangu asije akanuka bodaboda."

Alhamisi baada ya alfajiri nikaanza. Nilikuwa na ndoo ya maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kipande cha kanga kuukuu, taulo kavu, na mswaki wa zamani kwa ajili ya mishono. Nilichagua pembe moja ya kiti, isiyozidi upana wa sahani. Nikalowesha, nikasubiri kidogo, nikasugua kwa kuzungusha, nikafuta kwa taulo. Taulo likatoka na rangi ya chai ya rangi. Nikagusa: bado panata. Nikarudia. Panata. Mara ya tatu kidole kiliganda kidogo tu. Nilikuwa nasugua huku nasubiri kuona plastiki yenyewe ikitoka na kitambaa, kama mtani alivyosema.

Mara ya nne nikapitisha kidole gumba, na kiti kikalia. Kwi.

Nikapitisha tena. Kwi. Nilikaa chini mchangani, mgongo kwenye tairi. Ule mlio niliujua. Baba akikata kona, sisi watoto tulikuwa tunateleza kutoka dirisha hili hadi lile, na kiti kililia hivyo hivyo chini yetu. Chini ya uchafu wangu wote kiti kilikuwa kizima.

Nilifanya kazi siku nzima. Nikimaliza pembe moja nahamia nyingine, maji yakichafuka namwaga nyuma ya choo na kuchota mengine. Juu ilitoka ndimu. Katikati kulikuwa na kitu kizito kisicho na harufu, glisirini nadhani, hicho kilinichosha kuliko vyote. Chini kabisa ilitoka nazi, na hapo nilienda polepole, maana ilinuka asubuhi zile, soksi zikiwa hazijulikani zilipo na mmoja wa wadogo zangu akilia kwamba nimemwagia maji puani. Kwenye mshono wa kati mswaki ulifukua nyuzi nene nyeupe. Mama ndiye aliyeshona pale kwa mshipi wa kuvulia samaki, baada ya sisi kukichana kiti kwa kurukaruka. Nilikuwa nimesahau kabisa.

Mdogo wangu haruhusiwi kutoka nje, lakini dirisha la chumba chake linatazama uani.

"Kaka, kinatoka?"

"Kinatoka."

"Kweli, au unanituliza kama kawaida yako?"

Sikubishana naye. Nikalowesha kidole gumba, nikakiburuta kwenye kiti kwa urefu wake wote. Mlio ulifika mpaka dirishani. Nikamsikia anacheka, na shangazi anamwambia atulie, singo inadondoka.

Ijumaa mtani alipita kuulizia jibu lake. Akakaa nyuma kwa nguvu, akainuka, akakaa tena.

"Umeninyang'anya kazi, mtani." Akainama, akagusa lile doa la petroli. "Na hapa nani kaua?"

"Mimi."

"Afadhali. Mimi ningeua chote."

Kiti kilipokauka hakikung'aa. Kilikuwa chekundu cha kawaida, kama siku baba alipolileta gari. Mikono yangu ikawa haina cha kufanya. Nikamfuata shangazi.

"Sasa nikipake nini?"

"Kiache."

"Kitapasuka."

"Kinachopasua ni jua. Kitafutie kivuli. Vumbi likiingia, futa kwa kitambaa chenye maji. Basi." Akanitazama. "Hutaki, eh? Utazoea."

Jumamosi niliendesha mwenyewe. Mdogo wangu alikaa nyuma na shangazi, gauni limejaa kiti chote. Tulipoanza kupanda kuelekea Kisarawe, mikorosho huku na huku, nikakata kona moja kali kuliko nilivyokusudia.

"Dereva, nateleza!" alipiga kelele, na alikuwa anacheka.

Nikakata na iliyofuata vilevile. Ile nilikusudia.

Kwa shangazi kulikuwa na vigelegele barazani, na upande wa pili wanaume wamekaa kwenye mikeka, shehe yupo, bwana harusi yupo. Mimi ndiye walii, wa kumwozesha badala ya baba. Bila mimi pasingeozeshwa mtu. Lakini nilifungua kwanza mlango wa nyuma nikasimama pale. Mdogo wangu akatoa mguu mmoja, akashika bega langu, akainuka. Kiti kikatoa mlio mfupi, kikamwachia. Gauni likatoka naye lote. Nikatazama nyuma yake toka kiunoni hadi kwenye pindo. Jeupe.

"Walii," shangazi akasema kutoka ndani ya gari, "wenzako wanakusubiri. Au leo unaozesha kiti?"

Nikaenda kumwozesha mdogo wangu.

Jumapili nilirudi Misugusugu peke yangu. Asubuhi ya Jumatatu nilioga, nikajipaka mafuta miguuni, na kwa mazoea nikatoka uani na yaliyobaki viganjani, nikafungua mlango wa nyuma wa gari. Kiti kilikuwa kikavu, kimetulia, doa langu la petroli liko pale pale chini. Nilisimama kidogo. Kisha nikayamalizia mafuta kwenye viwiko vyangu, vilivyopauka kwa saruji, nikaufunga mlango, nikaenda kazini.