Pampu Inayonukia Parachichi

Mimi ni msusi hapa Olasiti, kwa hiyo jamani, mambo ya nywele nani angenifundisha? Dawa ya bwawa la kuogelea hukausha nywele, na kinga yake ni rahisi: unazilowesha kwa maji safi, unapaka mafuta kidogo, kisha unavaa kofia ya kuogelea. Hilo "kidogo" niliona ni la watu wa kawaida. Jumamosi iliyopita, wifi yangu aliponikaribisha kwenye hoteli anakofanya kazi, nilijimiminia chupa nzima ya mafuta ya parachichi kutoka Akheri, nikavaa kofia, nikajitosa.

Muda si mrefu maji yakaanza kung'aa kama supu ya mbuzi. Watu wakaombwa kutoka, tukasimama ukingoni. Mzee anayetunza bwawa akainama kutazama.

"Shikamoo baba," nikamwambia. "Pampu yenu inavuja mafuta. Mtatuharibia nywele!"

"Marahaba. Pampu haimo majini, iko kule nje, mwanangu."

"Basi ni mabomba!" Nikawageukia wageni, nikawahutubia kuhusu usafi kwa sauti ya kitaalamu kabisa. Wifi akanivuta mkono. Nikamwambia aache woga, mimi namtetea mteja.

Mzee akachota maji kwa kiganja, akayanusa taratibu.

"Pampu yetu leo inanukia parachichi," akasema, kisha akanitazama. "Hebu vua hiyo kofia, mwanangu."

Nikavua. Mafuta yakateremka usoni, yakapita kidevuni, yakaanza kudondoka bwawani mbele ya wageni wote niliokuwa nikiwatetea.