Treni ya Vitofali Mnadani Mvara

Stella Kiden alikuwa amewashonea sare mpya wanawake wote wa Umoja wa Akina Mama pale Mvara, mjini Arua, isipokuwa mmoja, naye ni yeye mwenyewe. Mfinyanzi hulia gaeni, wahenga hawakukosea. Jumapili ile alikwenda kanisani na pesa ya kitambaa chake imefungwa katika pindo la kitenge, maana kesho yake angepita sokoni kukinunua kabla ya mkutano mkubwa.

"Kiden, ukikosa sare tutakusimamisha nyuma kabisa, kama mgeni aliyekuja kuuliza njia," rafiki yake Filda alimwambia wakitoka ibadani.

"Mungu anaona hata wa nyuma."

"Mungu anaona. Lakini mama mchungaji anaona zaidi."

Wakacheka, wakaenda kusimama uwanjani na wengine, kwani baada ya ibada watu hawatawanyiki. Kwao sadaka si noti peke yake. Mwenye kuku huleta kuku, mwenye boga huleta boga, mwenye muhogo huleta muhogo, na vyote hunadiwa pale nje vigeuke fedha ya kazi ya Mungu. Mnadi wao alikuwa mzee Enoch, askari mstaafu. Walimchagua kwa sauti yake iliyozoea gwaride, na kwa Kiswahili chake cha kambini ambacho wenyeji wa Arua, watu wa Koboko na ndugu waliotoka Sudan Kusini wote hukisikia.

"Kuku hii iko na nguvu kushinda Filda! Nani nasema bei?"

"Nyumbani kwako pia iko mutu na nguvu kushinda wewe, na haiko kuku," Filda akamrudishia, na mke wa Enoch akacheka kuliko wote.

Sasa, mnada huo una desturi yake. Mtu akishinda kwa bei na kulipa, Enoch humwuliza, "Unabeba ao unarudisha kwa Bwana?" Akisema anarudisha, wanawake hupiga vigelegele, na kitu kile kile hunadiwa upya. Boga moja laweza kununuliwa na watu wengi bila kutoka mahali lilipowekwa. Na mtu aliyependa vigelegele hivyo kuliko chakula alikuwa Jude, kijana mwenye kibanda cha simu mjini. Kila Jumapili Jude hununua jogoo, na kila Jumapili jogoo hurudishwa kwa Bwana. Watu walisema kuku wa Mvara wanamjua Jude kwa sura, lakini mkewe hajaonja hata shingo.

Baada ya maboga Enoch aliinua sanduku la karatasi ngumu, jipya, midomo yake ingali imefungwa kwa utepe wa kiwandani. Lilikuwa limeachwa na mama mmoja mzungu aliyefanya kazi na wakimbizi. Mradi wake ulikwisha, akarudi kwao, na vyombo vyake akavitoa kanisani.

"Hii iko nini? Ah, iko treni! Treni ya vitofali ya plastiki. Mutu najenga yeye mwenyewe."

Watu walicheka. Kiden hakucheka. Alisogea mbele mpaka akaliona vizuri lile sanduku, akaikazia macho picha iliyokuwa juu yake. Kichwa cha gari la moshi, na mabehewa nyuma yake, chini rangi ya damu ya mzee, juu rangi ya maziwa. Lilikuwa lile lile. Sijui wazungu walilitoa wapi, lakini lilikuwa lile lile.

Kabla ya vita vya mwaka wa sabini na tisa, baba yake Kiden alikuwa mkata miwa kule Busoga, kama wanaume wengi wa West Nile wa wakati ule, na familia iliishi naye kambini. Mwaka mmoja waliamua kurudi nyumbani Kuluba, upande wa Koboko, wakapanda treni ya kwenda Pakwach, reli inakoishia. Kiden alikuwa mdogo. Alibanwa katikati ya magoti ya watu na mafurushi, na safari nzima hakuona kitu ila sketi za akina mama na miguu ya kuku waliofungwa. Lakini kaka yake, Lukudu, alikuwa amepata dirisha. Lukudu akawa macho yake.

"Kiden, huku kuna mwamba mkubwa kama mlima uliokaa chini, ni Soroti. Kiden, kuna mama anauza karanga, amejitwika mtoto na sinia pamoja. Kiden, treni inapinda, nakiona kichwa chetu wenyewe kule mbele! Kiden, mto! Mto wenyewe huu!"

Mpaka leo, ukimwuliza Kiden habari za njia ile, atakueleza kila kituo, na hakukiona hata kimoja.

Kisha vita vikaja, wakakimbilia ng'ambo ya mpaka, baba akazikwa huko, mama akafuata baada ya kurudi. Wamebaki wao wawili. Reli ya Pakwach ikalala chini ya majani. Na Lukudu, yule aliyekuwa macho, macho yake yaliliwa na ugonjwa wa inzi wa mtoni, kidogo kidogo, hadi yakazima. Sasa anakaa Kuluba akisokota kamba za katani kwa vidole vyake, na watu wa Koboko hufunga mbuzi kwa kamba zake.

Kiden akashika pindo la kitenge. Shetani wa sare akamwambia, wewe mama mzima, utanunua mchezo wa watoto? Akaliacha pindo. Akalishika tena.

"Nani nasema bei?" Enoch akauliza.

Jude alikuwa ameinamia simu yake. Aliinua kichwa macho yakimeta. "Mimi!"

Kiden akataja bei. Jude akapanda. Kiden akapanda kidogo, sauti yake ndogo kama ya mtu anayeomba maji. Filda akamvuta mkono: "Wewe, umeugua?" Jude akapanda tena, mara hii kwa bei ya mbuzi dume, na kitambaa cha Kiden hakikufika huko. Akainamisha uso, akajiambia Bwana amejibu, basi yamekwisha.

Jude akalipa hapo hapo, noti zote alizokuwa nazo, akageukia watu akitabasamu. Enoch akamwuliza kama anavyouliza siku zote:

"Unabeba ao unarudisha kwa Bwana?"

Na Jude, mkono juu, kama anavyojibu siku zote: "Narudisha!"

Vigelegele vikapaa. Ndipo Jude akasikia alichosema. Mdomo wake ukabaki wazi, mkono bado uko juu, na sanduku limekwisha kurudi mezani.

"Ngoja! Mzee Enoch, hii haiko jogoo!"

"Bwana naona tofauti?" Enoch akauliza, na uwanja ukavunjika kwa kicheko. "Nani nasema bei?"

Watu wakamtazama Kiden. Angeweza kutaja bei yake na kulibeba, hakuna ambaye angemlaumu. Lakini roho yake haikukubali. Alimwendea Jude mbele ya watu wote.

"Mwanangu, ulikusudia? Kama mdomo umeteleza, sema. Mimi sitataja bei."

Jude akatazama simu, akatazama sanduku, akawatazama wanawake waliompigia vigelegele tangu alipofungua kibanda chake. Akashusha pumzi.

"Neno limetoka, mama. Nikilirudisha tumboni, Jumapili ijayo nitakuja na uso gani? Taja."

Kiden akafungua pindo. Hakuna aliyepanda juu yake.

Lakini Jude alimfuata hadi njiani, sauti chini.

"Mama, nisikie. Hii treni kiwanda chao wameacha kuitengeneza. Nimeona katika simu, wazungu wanaitafuta kama dhahabu. Lakini lazima iwe haijafunguliwa. Ukikata huu utepe tu, imekuwa mchezo wa kawaida. Nipe, nina mtu Kampala. Mama, utashona sare mbili, ubakie na pesa ya mabati ya paa!"

"Na huyo mtu wa Kampala ataipeleka wapi?"

"Atauza kwa mwingine."

"Na huyo mwingine ataijenga?"

"Hapana, mama. Ataiweka kabatini. Ndiyo biashara yake."

Kiden akalihamishia sanduku kwapa la pili. "Kwa hiyo kuna treni ambayo thamani yake ni kwamba haitakwenda popote."

"Wewe unafanya maneno ya mahubiri. Mimi nasema mabati."

"Nimesikia mabati, mwanangu. Acha niombe."

Akaomba kweli. Sanduku lilikaa juu ya cherehani yake, naye akapiga magoti, akamweleza Mungu habari ya sare, na ya paa lake linalovuja upande wa jikoni, na ya Lukudu. Maana paa lilikuwa linavuja kweli, na tamaa si kitu cha watu wabaya tu. Hakusikia sauti yoyote. Ila alipoamka asubuhi, mikono yake ilikuwa inatafuta mkasi na kuutia katika mkoba, kama mkasi wa mtu anayekwenda safari, naye akaiacha mikono ifanye.

Alipofika Kuluba, Lukudu alikuwa mlangoni, kamba imemzunguka miguu.

"Huyo ni Kiden. Anakanyaga kama anaomba radhi kwa ardhi."

"Ni mimi, kaka. Nimekuletea kitu."

"Sukari?"

"Hapana."

"Basi ni kitu gani, ikiwa si sukari?"

Alimwekea sanduku mapajani. Lukudu akalipapasa pembe zote, akalitikisa, akasikia ndani mlio kama wa mahindi makavu. Vidole vyake vikafika kwenye utepe vikasimama.

"Halijafunguliwa."

"Halijafunguliwa. Kuna mtu atalinunua kwa bei kubwa likibaki hivyo." Hakutaka kumficha. "Ndani ni treni, kaka. Ile yetu. Damu ya mzee na maziwa."

Mikono ya Lukudu ikatulia juu ya kifuniko kama mikono ya mchungaji juu ya kichwa cha mtoto.

"Mkasi umekuja nao?" akauliza.

Kiden akaukata utepe. Haukutoa hata sauti.

Walijenga siku ile na kesho yake. Kitabu kilikuwa cha picha tupu, na hilo lilimfaa Kiden, ambaye shule aliiacha madarasa ya chini. "Nipe lenye chuchu nne," Lukudu husema, maana vitofali vile vina chuchu juu kama mbuzi aliyezaa. "Sasa refu, lenye chuchu nane. Hili si lake, linalegea." Vidole vilivyosokota katani miaka yote vilijua kitofali kimekaa au kimedanganya kukaa. Mara mbili Kiden aliisoma picha vibaya, na mara mbili vidole vya Lukudu vilimkatalia.

"Wewe ulisafiri humu," Lukudu alimtania, "na hujui mlango uko upande gani?"

"Nilisafiri chini ya sketi ya mama."

Treni ikakamilika. Ndani ya sanduku mlikuwa na watu wadogo wa plastiki. Lukudu akampapasa mmoja.

"Huyu ana kofia."

"Ni dereva."

"Mweke kichwani aendeshe. Hawa wengine siwajui, washuke." Akamwita mke wake amletee maharage. Akachagua kwa vidole, bila haraka. Harage refu akaliketisha kwenye behewa la nyuma: baba. La mviringo: mama. Akaweka moja lililokunjamana katikati ya mabenchi, akacheka peke yake: "Huyu ni mimi, leo nimezeeka, nimekaa na mafurushi."

Akabaki na dogo kuliko yote. Akatafuta benchi kwa ncha ya kidole, akatafuta ukuta, akapapasa hadi akagusa tundu la dirisha. Hapo hapo akaliweka lile harage, akalisukuma kidogo lisianguke.

"Umekaa vizuri?"

"Nimekaa," Kiden akasema.

Lukudu akashika treni kwa mikono miwili, akaanza kuisukuma polepole juu ya mkeka.

"Basi niambie," akasema. "Tumefika wapi?"

Kiden akafuta macho kwa pindo la kitenge, lile lile lililokuwa tupu sasa, akatazama nje.